Asubuhi Jenereta Ilikataa Kuamka

Haya, sogeeni hapa, hata wewe unayejifanya unasoma simu. Mimi nikisikia harufu ya maziwa yameungua karibu na dizeli, naanza kutafuta ng'ombe. Cheka tu, utajua kwa nini.

Nilikuwa kasichana kadogo, huko upande wa Mashuuru, kiangazi imetushika. Mchana jua ilikuwa kali mpaka mijusi walitembea na vidole viwili. Lakini asubuhi, baridi ya kung'oa masikio! Na jenereta yetu ya kisima ilichukia baridi. Bila hiyo pampu haivuti maji, na sasa ilikuwa imegoma kabisa. Ng'ombe walikuwa wamelamba tangi mpaka rangi ikaisha. Nado, ile nyekundu ya Mama, ndiyo pekee ilikuwa bado inatoa maziwa, na sasa ilikuwa imelala chini, imekataa kuinuka.

Baba alikuwa ameenda Kitengela kutafuta fundi. Mama akaangalia Nado, akajifunga leso kiunoni.

"Huyu hawezi ngojea fundi."

Akafungua plagi zote nne, zile za kupasha injini joto ndiyo iwake. Alikuwa ameona Baba akizipima: unashika na koleo, waya moja ya betri kwa mwili, ingine kwa kichwa, unangoja ncha iwe nyekundu. Mimi nikapewa waya.

Lakini Kokoo, nyanya yetu, akasema hakuna kupima kitu haijabarikiwa. Na kwetu baraka ni mate. Tu! Ya kwanza, nyeusi. Tu! Ya pili, nyeusi. Ya tatu, nyeusi tii. Ya nne ikawaka kama jicho la fisi.

"Hiyo ndiyo nilitemea vizuri," Kokoo akasema.

"Si ungetema hivyo zote, Kokoo!" Mama akamjibu.

Plagi moja haitoshi. Mama akazirudisha zote, akajaribu kuwasha; injini ikakohoa, ikanyamaza. Maji moto ya kuipasha tungetoa wapi? Kitu ya moto boma nzima ilikuwa sufuria ya chai, maziwa tupu ya Nado, na mimi nimeshika kikombe nangoja. Mama akafunika injini na gunia, akamwaga chai yote juu. Nililia machozi ya kutosha kunywesha hao ng'ombe.

Akawasha. Ikakataa. Akawasha tena, meno ameuma. Ikatoa moshi mweupe wa maziwa ya kuungua, halafu ikanguruma mpaka nafikiri hata huko mbali Magadi walisikia. Maji yakaja. Nado akainua shingo, halafu miguu.

Siku hiyo niliona Mama ni mkali tu. Mpaka nikapata watoto na ng'ombe zangu ndiyo nilielewa: yale yalikuwa maziwa ya mwisho, na yeye mwenyewe hakuwa ameonja. Alimrudishia Nado yakiwa maji.

Mchana Baba akafika na fundi. Fundi akakaa kwa kiti, akapanguza vumbi, akangoja chai vile mgeni hungoja. Akangoja. Akakohoa kidogo. Kokoo akanyooshea jenereta fimbo:

"Fundi, chai yako, huyo ndiye amekunywa. Muulize kama amekubakishia!"