Mstari wa Bushra

Kwa miaka thelathini na tano watu wa Wad Nuwairi, kando ya Nili ya Buluu, waliapa kwa mstari mwekundu uliochorwa kwenye ukuta wa msikiti wao. Gharika kubwa ilifika hapo, walisema, na aliyeuchora ni Bushra, mlinzi wa maji.

Sasa mhandisi Tahani, juu ya ngazi, alikuwa ameushikia utepe wa kupimia.

"Ami Bushra, tuta jipya la kuzuia mto litapita mstari huu kwa nusu mita. Yatosha?"

"Unamuuliza Bushra?" Jabir, jirani wa Bushra, alicheka. "Huyu, mto wenyewe humwomba ruhusa!"

Bushra hakucheka. Mwaka ule wa gharika kijiji kizima kilihamia kilima cha mchanga, yeye akaachwa zamu peke yake, kwa kiapo cha kutoondoka na kuchora kilele atakachokiona kwa macho yake. Siku moja adhuhuri zikamfikia habari kwamba mkewe amejifungua, akaenda. Aliporudi alasiri, maji yalikwisha kushuka. Kwenye shina la mgunga povu lilikuwa bado bichi, shubiri tatu juu ya maji. Akapigilia msumari penye povu, kisha akaenda kuchora mstari ukutani pale maji aliyoyaona yalipokuwa, akawaacha watu waamini ndicho kilele. Kumfurahia mtoto si dhambi; dhambi ni ule mstari. Aibu ya siku moja aliilea mpaka ikawa heshima.

"Haitoshi, mwanangu," alisema. "Sikuwapo maji yalipofika kilele. Njoo mgungani."

Tahani alibandua gome kwa kisu hadi kichwa cha msumari kikatokea, chekundu kwa kutu. Akapima, akapima tena.

"Sentimita sitini na nne juu ya mstari. Tuta langu lingefunikwa." Akamgeukia Jabir. "Lazima lipande. Na likipanda, litapanuka chini."

"Litapanuka wapi?"

"Kwenye milimau yako."

"Milimau yangu! Bushra, uzee umekuondolea akili? Ungenyamaza ukafa na heshima yako!"

"Na wewe ungekufa maji, Jabir."

"Mwongo wewe! Wanangu nimewafundisha kuapa kwa mstari wako!"



Ijumaa Bushra alitoa salamu mlangoni mwa msikiti. Walioitikia ni wawili, na mmoja wao ni kiziwi ambaye habari hazikumfikia. Baada ya sala alileta ngazi, ndoo ya chokaa na brashi, akaufuta mstari kwa mkono wake mwenyewe, watu wakimtazama. Hakuna aliyemshikia ngazi.