Sindano ya Kumi na Mbili na Paka wa Fundi Seyfi

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Balat, Istanbul. Fundi Seyfi Akdağ amekunja miguu juu ya mfarishi mwekundu wa bibi harusi, tandiko nene la sufu, anahesabu sindano. Anafika kumi na moja. Anarudia. Kumi na moja.

Pembeni yake analia paka wa miezi miwili, Nohut, yaani dengu, kwa rangi yake. Anajisugua kwenye goti, anampanda fundi mpaka kifuani, anashuka mbio, analia tena.

"Huyu leo anataka daktari," anasema Seyfi.

"Kaka Seyfi, hapo umependwa tu," anasema Burhan, kinyozi wa jirani, aliyeleta chai na umbea wa asubuhi. "Shemeji akikuganda hivi, naye unampeleka hospitali?"

"Shemeji yako hatafuni nyuzi," anajibu Seyfi, uso mkavu.

Miaka thelathini na nane anashona mifarishi kwa mkono, na sheria aliyoachiwa na fundi wake haijabadilika: upindo wa mwisho haufungwi mpaka sindano zote kumi na mbili zitimie.

Alimkuta Nohut ndani ya gunia la sufu wiki tatu zilizopita. Tangu hapo, kila chai ikimiminwa, paka hupanda kifuani, hukanda kizibao cha fundi kama anayekanda unga, hufyonza kola, husinzia.

"Daktari wa wanyama aliniambia ananichukulia mama yake," anasema fundi. "Mimi, na masharubu haya."

Leo hasinzii. Na sindano, kwa hesabu ya Seyfi, ama imo kwenye mfarishi atakaolalia binti wa watu Jumamosi, ama imo kwenye tumbo dogo kuliko ngumi yake.

Mfarishi unaweza kungoja. Anamtia Nohut kapuni, anafunga duka. Burhan, ambaye mteja wake anamngoja kinyozini na povu kidevuni, anamfuata. Njiani hatanii tena.

Daktari Handan anaminyaminya tumbo, anapiga picha ya eksirei, anaitazama kwenye mwanga. Seyfi anatazama sakafu.

"Hakuna chuma humu, baba," anasema daktari. "Ana njaa ya kubebwa tu."

"Nikimbeba hakai. Jana alilala saa nzima, leo anakuja, anakimbia. Ndiyo ugonjwa huo?"

"Anakuja kwa sababu anakutaka. Hilo la kukimbia, sijui. Mbebe nione."

Seyfi anampokea, anamkumbatia kwa nguvu za mtu aliyeponea chupuchupu. Nohut anapiga ukelele. Seyfi naye anapiga wake.

Anaingiza vidole ndani ya bitana ya kizibao, upande wa moyo, anaichomoa sindano ya kumi na mbili, uzi mwekundu ungali unaning'inia.

"Niliichomeka hapa jana jioni nilipokuwa nafunga duka," anasema taratibu. "Mtoto anakuja kwa mama yake, anachomwa."

"Na wewe ukamtafutia ugonjwa," anasema Burhan. "Alikuwa anakushtaki, kaka."

Mchana, kabla ya kufunga upindo wa bibi harusi, Seyfi anashona kijimto cha kuchomekea sindano, akining'inize ukutani, mbali na kifua chake. Mfarishi utamalizika Ijumaa, na anataka msimu wa baridi umkute Nohut amenenepa.

"Siku nyingine akilia," anasema, "nitajikagua mimi kwanza."

Chai inamiminwa. Nohut anapanda, ananusa kizibao mara mbili, anasita. Kisha makucha madogo yanaanza kukanda.