Mstari Uliomkera Mzee Likanga

Nakumbuka, mwanangu, tulivyokuwa tunavua viatu mlangoni kabla ya kuingia chumba cha kompyuta pale Nachingwea. Usicheke. Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni, njia zetu zote vumbi jekundu, na tuliambiwa vumbi likiingia ndani ya ile mashine, basi tena. Kwa hiyo ofisi nzima tulikuwa pekupeku, mabosi kwa wafagizi. Jioni niliifunika kwa kitambaa cha maua nilichokifuma mwenyewe, kama watu walivyofunika redio zao. Wallahi nilikipenda kile kitambaa.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa mradi mdogo wa maji. Mkuu wetu alikuwa Mzee Likanga, mwalimu mstaafu, mtu wa shati jeupe lililopigwa pasi hata siku ya kwenda porini. Huyo bwana alipenda heshima kuliko chakula. Ukiingia kwake bila shikamoo ya maana, anakurudisha nje uingie upya. Nilimpenda sana, na alinichosha sana, yote kwa pamoja.

Barua pepe siku hizo haikuwa kama hii yenu ya kwenye kiganja. Kompyuta ilipiga kwanza simu ya mezani, ikalia tit tit tit, kisha zikaja kelele kama bati linaburutwa kwenye kokoto. Ikikubali, tunashangilia. Isipokubali, tunarudia mpaka ikubali au umeme ukatike. Nikisikia leo bati linaburutwa mahali, moyo wangu unarudi Nachingwea, sitanii.

Sasa, mradi ulikuwa na fundi wake wa kompyuta, kijana wa Mtwara aliyeitwa Deo. Alikuja kwa basi, akaifungia ile programu yetu ya barua pepe kinga ya virusi. Akanieleza taratibu: virusi hivi si ugonjwa wa mtu, ni programu mbaya inayojificha ndani ya barua. Ukiifungua, inaichafua mashine, halafu inajituma yenyewe kwa watu wote unaowaandikia, kwa jina lako. Akaweka tiki mahali pawili. Moja, barua zinazoingia zikaguliwe. Nyingine, zinazotoka nazo zikaguliwe. Akaahidi kututumia CD kwa basi mara kwa mara ili kinga ivijue virusi vipya, maana laini yetu ya simu ingekesha bila kumaliza kuupakua mzigo huo. Nikamshukuru, nikamfungashia korosho za kwenda nazo.

Tatizo lilikuwa mstari mmoja. Kila barua tuliyotuma, ile kinga iliongeza maneno chini kabisa, kwa Kiingereza, kwamba ujumbe huu umekaguliwa na hauna virusi. Mzee Likanga alipouona aliniita.

"Binti, hiki nini?"

"Ni ile programu ya Deo, Mzee. Inajiandikia yenyewe."

"Nimemwandikia Mkurugenzi, mtu mzima na familia yake, halafu chini namwambia nimemkagua?"

"Hapana, Mzee. Tumeikagua ya kwetu kabla ya kumtumia."

"Ahaa. Kwa hiyo wachafu ni sisi!"

Akauliza kama na zinazoingia zinakaguliwa. Nikamwambia ndiyo. Akauliza, hata za Anselm? Huyo Mwalimu Anselm alikuwa rafiki yake tangu chuo cha ualimu, wakati huo yuko Dodoma, na kila barua yake Mzee aliisoma akitabasamu peke yake. Nikasema hata za Mwalimu Anselm. Lo! Uso ulimbadilika.

"Mtu wangu anakuja kwangu na mkoba wake, nimsimamishe mlangoni niupekue? Hapa kwetu? Ondoa."

"Mzee, Deo alisema ni hatari kuiondoa."

"Deo ana umri gani?"

Nikanyanyuka kwenye kiti, akakaa yeye. Kwa kidole kimoja, taratibu, akaziondoa tiki zote mbili, kisha akafuta miwani yake kwa leso kama mtu aliyemaliza kazi njema.

Ili uelewe kilichokuwa kinangoja mbele, mwanangu, lazima nikupeleke Narung'ombe. Huko ndiko alikokaa shangazi yangu Zainabu, aliyenilea baada ya mama kufariki. Kiangazi maji yalikuwa shida isiyosemeka. Wanawake walitoka alfajiri kwenda kukwangua mchanga wa mto mkavu, unachimba shimo, unakaa unangoja maji yachuruzike kidogo kidogo, unayachota kwa kikombe. Shangazi alikuwa na mgongo mbovu, na bado alikwenda. Mwaka ule mradi wetu ulipata mtambo wa kuchimba kisima. Mtambo ulikuwa Masasi, juu ya lori kubwa, na wenye mtambo, walioko Dar es Salaam, walituambia hivi: tuwaandikie barua pepe kwamba njia ya Narung'ombe imetengenezwa na lori litapita. Wasiposikia kwetu, wataupeleka kwingine kabla mvua hazijaanza.

Njia ikatengenezwa. Kijiji kizima kilitoka na majembe, wakang'oa visiki, wakafukia makorongo. Shangazi naye alikuwepo na mgongo wake ule ule, nilimwona kwa macho yangu, anabeba mawe kichwani na kuimba.

Basi, siku ile nilikuwa nimeketi kuandika hiyo barua, ikaingia nyingine kutoka kwa Mwalimu Anselm. Kichwa chake kwa Kiingereza: picha yako hii hapa. Mzee Likanga alifurahi kama mtoto. Miaka mingi alikuwa akimwomba rafiki yake ile picha waliyopiga chuoni, wamevaa suruali pana za enzi zao. Akainama juu ya bega langu, akabonyeza mwenyewe. Hakuna kitu. Akabonyeza tena.

"Picha inachelewa njiani," akasema.

Haikuwa picha. Taa za kile kidude kilichoiunganisha kompyuta na simu zikaanza kupepesa zenyewe, mashine ikawa nzito, na mimi nikakumbuka kila neno la Deo. Barua zilikuwa zinatoka kwetu, nyingi, kwa jina la Mzee Likanga, kwa watu wote tuliowahi kuwaandikia. Nikachomoa waya wa simu ukutani. Nilikuwa nimechelewa.

Kesho yake mashine ikaonekana imetulia. Sisi na ujinga wetu tukadhani yamepita. Nikaituma barua ya njia. Kumbe kule Dar es Salaam kompyuta zao zilikuwa zimechafuka, na wakuu wameshatoa amri: chochote kinachotoka Nachingwea kifutwe bila kusomwa. Barua yetu ya kweli ikafutwa pamoja na zile chafu. Tukakaa tunangoja jibu, tukisema wenzetu wana shughuli nyingi. Tulipokuja kupata simu na kuzungumza na mtu, mtambo ulikuwa umeshaondoka Masasi kuelekea Tunduru, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Nililia, mwanangu. Nililia pale pale mezani, nimefunika uso na kile kitambaa changu cha maua. Nilimwona shangazi na yale mawe kichwani.

Nikajua la kufuata pia. Mzee angesema mpiga chapa ameharibu mashine, na nani angebisha? Kati ya msichana aliyeishia sekondari na mwalimu mstaafu, nani angesikilizwa? Lakini Mzee Likanga alivaa shati lake jeupe, akaniambia, "Twende Narung'ombe." Tukapita Ruangwa bila hata kushuka kunywa chai. Wanawake walikusanyika shuleni, wengine wakiwa bado na ndoo. Akasimama mbele yao, kofia mkononi.

"Mtambo hauji mwaka huu," akasema. "Kosa ni langu. Binti huyu alinionya, mimi nikamnyamazisha."

Mama mmoja akauliza, "Na njia tuliyoilima?"

"Mliilima vizuri, mama. Aliyeshindwa ni mimi."

Wengine waligeuka wakaondoka zao bila kuaga, na sikuwalaumu. Shangazi yangu hakuondoka. Alikwenda nyumbani kwake, akarudi na maji kwenye kikombe cha bati. Huko kwetu, unajua, mgeni haondoki bila hata maji, na humpi mgeni kitu ambacho hujakionja. Shangazi akapiga funda moja mbele ya Mzee, akafuta ukingo wa kikombe kwa upindo wa kanga, akapiga goti.

"Karibu maji, baba."

Mzee Likanga akakipokea kwa mikono miwili. Alijua yale maji yametoka wapi na yamechotwaje. Akayatazama muda mrefu, kisha akanywa yote, hakubakiza tone. Nikatazama pembeni, sikuweza kumwangalia.

Tulikuwa garini, tumeanza kuona mabati ya Ruangwa, Mzee aliponiita.

"Binti. Shangazi yako ameonja kwanza."

"Ndiyo, Mzee. Ndivyo tunavyofanya."

"Ndivyo tunavyofanya," akarudia. "Na mimi sikuona kwamba amenidharau."

Halafu akasema, "Deo akimaliza kuisafisha hiyo mashine, rudisha zile tiki. Zote mbili. Na ule mstari wa chini uache pale pale."

Mwalimu Anselm maskini hakuwa na habari. Mashine yake ilichafuliwa na mtu mwingine anayemfahamu, naye huyo na mwingine. Miezi ikapita akaituma picha yenyewe. Mzee Likanga alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, akaisubiri ikaguliwe bila kunung'unika. Vijana wawili wembamba kama fito, suruali pana hadi unacheka. Alisema, "Tulikuwa wazuri sisi."

Kiangazi kilichofuata mtambo ulikuja. Njia ilibidi ilimwe upya, na Mzee Likanga alilima nao, shati jeupe na yote. Siku ya kufungua pampu shangazi ndiye aliyepewa heshima ya kupampu kwanza. Maji yakatoka, vigelegele vikapasua anga. Akakinga kile kikombe chake cha bati, akaonja, akampelekea Mzee Likanga. Mzee akakiinua juu watu wote wakione, akasema kwa sauti ya darasani, "Yamekaguliwa!" Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi na Deo, aliyekuja kutoka Mtwara kushuhudia. Tulicheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Wote wawili wametangulia sasa, shangazi na Mzee. Kisima kipo.

Ndiyo maana, mwanangu, ukinitumia vitu kwenye simu nakupigia kwanza kukuuliza, "Ni wewe?" Unakasirika, unasema mama ananishuku. Sikushuku wewe. Anayeweza kulivaa jina lako ndiye ninayemshuku. Weka kinga kwenye mashine yako, uiache ifanye kazi yake kwa barua za wote, hata za rafiki unayempenda kuliko wote, na yeye akiuliza mwambie ndivyo tunavyofanya. Na unachompa mwenzako, kiwe barua, kiwe habari uliyoisikia mtaani, kionje mwenyewe kwanza. Na siku utakayokosea, kwa sababu utakosea, vaa shati lako safi uende ukasimame mbele ya wale uliowaumiza. Usimsukumie binti wa ofisini.

Mungu akupe nyumba isiyokauka maji, akupe marafiki wasiochoka kukuandikia, na popote utakapofika ukiwa na kiu, akukutanishe na mtu atakayeonja kwanza ndipo akupe wewe. Amina.