Nilivyomwita mbweha jangwani Dubai, arbab kashika bunduki pembeni yangu

Wakuu, habari za majukumu. Hii imenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu.

Mwaka 2006 nilikuwa nafanya kazi shamba la mbuzi na kuku la arbab mmoja (ndivyo tulivyomwita bosi Mwarabu), nje kidogo ya Dubai. Mchanga mtupu.

Kuku wakaanza kupungua. Nikasema ni mbweha, nyayo zake nimeziona. Arbab akauliza mbweha gani asiyeacha hata unyoya, au tunawala sisi wafanyakazi? Akanipa wiki moja: amwone kwa macho yake, la sivyo anakata visa, narudi Tanga.

Sasa pale Satwa, mjini Dubai, kuna mzee wa Kizanzibari, fundi cherehani, Ami Saidi. Ujanani aliwinda sana jangwani. Ijumaa nikamfuata. Akanifundisha kufyonza mgongo wa kiganja mpaka utoke mlio wa sungura aliyeumia. Fyonza, nyamaza, subiri. Kwenye basi la kurudi nilifanya mazoezi mpaka jirani yangu akahama siti (LOL).

Kesho yake nikatoka baada ya swala ya alfajiri. Nikaita weee, hola. Nikampigia Ami.

"Umejipaka nini?"

Nikamwambia udi, si nimetoka kuswali?

"Mwanangu, umekwenda kuwinda au kuoa? Oga maji matupu, na upepo ukupige usoni."

Siku ya mwisho ya ile wiki nikamwomba arbab naye asijifukize. Alininunia, lakini alikubali. Asubuhi mapema tukalala kifudifudi nyuma ya tuta, yeye na bunduki yake. Nikafyonza.

Wakuu, alikuja.

Mdogo kuliko nilivyodhani, masikio makubwa, rangi moja na mchanga. Nikiita, anasogea. Akasimama hatua kama tano, akaniangalia usoni. Kiumbe asiye na bosi wala visa, na ameitikia wito wangu! Hata kuku niliwasahau.

Nikasubiri mlio wa bunduki. Kimya. Kugeuka, arbab kailaza mchangani, mdomo wazi. Mbweha akaondoka zake taratibu.

"Khalas, basi," arbab akasema kwa sauti ndogo. "Nimemwona."

Kisha akapeleka mkono mdomoni, akafyonza. "Hivi?"

Wiki ile ile alileta waya mpya wa banda. Mimi nilikaa pale miaka mitatu zaidi.

Funzo: udi uache nyumbani, upepo uwe usoni, na ukikosa shahidi, mwite mhusika mwenyewe.

Kuna mwenzangu humu amewahi kuita mnyama wa porini akaitika? Tiririkeni.