Gitaa Ambalo Halikumuumiza Editha

Kichwa changu kinakataa kabisa. Jana tumemzika Editha, na leo kwenye meeting ya asubuhi nimejisikia nikisema, "Hiyo ya mzigo wa parachichi Editha atatu-update." Bosi akageukia dirishani.

Wengi mnaonifuata hapa mnamjua kwa video tu: yule dada mwenye kofia ya sufu, anayepiga solo huku ncha ya ulimi imechungulia pembeni. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye besi. Kazini hapa Njombe tulikaa meza moja, Jumapili kwaya moja, Jumamosi tunapiga kwenye harusi za watu.

Naomba niwasimulie kuhusu gitaa lake.

Editha alipata saratani ya titi. Akafanyiwa operesheni, upande wa kulia. Siku aliyorudi kazini alituambia, "Jamani, mwili umepunguzwa, naomba na majukumu yapunguzwe." Tulicheka, halafu kila mtu akatafuta pa kufutia macho.

Kilichomtesa ni gitaa. Lile la kwaya ni mbao tupu, zito kama gogo la mti wa mlingoti, na ukingo wake unatua pale pale kwenye kovu. Akaazima la kawaida, lenye tumbo kubwa. Hilo nalo likamnyanyua mkono mpaka ukavimba. Akajaribu kuweka kitenge kilichokunjwa katikati. Kikamdondoka misa ikiendelea.

Mwenyekiti wa kwaya, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Dada, pumzika. Utaimba tu."

"Mwenyekiti, sauti yangu unaijua. Unataka waumini wahame parokia?"

Mama yake alikuwa amekuja kutoka Mdandu kumwuguza. Naye akamwambia, "Mungu amekuachia uhai, mwanangu. Gitaa la nini tena?"

Mama alipotoka, Editha akaniambia, "Huo uhai niufanyeje sasa? Nikae nao tu nikiutazama?"

Akaanza kutafuta. Alijua anachotaka: gitaa la umeme, semi-hollow, yaani lenye uwazi ndani ili liwe jepesi. Mgongoni liwe limechongwa likabonyea pale linapokutana na mbavu. Mbele liwe na mteremko pale mkono unapolala. Wauzaji wakawa wanamsifia rangi. "Rangi hainiumizi," anawajibu, "nionyesheni mgongo."

Siku moja kazi ikatupeleka Makambako, lori letu la parachichi lilikuwa limeharibika njia panda. Tukawa tunakula kwenye gesti moja, mara tukasikia bendi ya wasafiri inafanya mazoezi ukumbini. Mpiga solo wao alikuwa amekaa, amepakata gitaa jekundu lenye matundu mawili ya kupinda usoni. Editha akaacha ugali wake unapoa.

"Kaka, samahani. Naomba nilishike."

"Ngoja nikuchomekee kwenye spika."

"Usichomeke. Sauti baadaye."

Akalikumbatia. Akavuta pumzi ndefu, akaishusha. Akavuta tena. Akanigeukia, macho yamejaa machozi.

"Halinigusi," akasema. "Wee! Halinigusi!"

Yule kaka hakuuza. "Dada yangu, hili ndilo linanilisha." Editha akamweleza kwa nini anauliza, bila aibu, kiganja juu ya kovu. Kaka akaomba namba yake ya simu.

Kurudi Njombe mimi nimenuna kwa niaba yake. Yeye anaimba! Nikamwuliza anafurahia nini. "Si nimejua kwamba lipo?"

Mvua zilikuja, zikaisha. Ndipo yule kaka akapiga simu, yuko Tunduma. Ameona pacha wa gitaa lake, lina mikwaruzo, limeshatumika, lakini mgongo ni ule ule. Ofisini tukachanga. Likaja na basi, limeviringishwa kwenye blanketi.

Harusi ya kwanza tuliyopiga nalo ilikuwa Makambako. Alisimama tangu maharusi wanaingia mpaka zawadi za mwisho. Katikati nikamnong'oneza, "Unaumia?" Akanijibu, "Nina njaa tu." Mwenyekiti wa kwaya alicheza mpaka koti likamtoka bega moja.

Tukapata misimu mizuri baada ya hapo. Halafu saratani ikarudi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kwa mama yake, Mdandu, mchana. "Kamwene, mama," nikasalimia mlangoni, na mama akanielekeza chumbani kwa mkono tu. Editha alikuwa ameegemea mito, gitaa limelala juu yake. Umeme ulikuwa umekatika. Lakini kwa ule uwazi wake wa ndani, lilisikika bila spika, sauti nyembamba, ya kutosha chumba kile.

Alipiga kidogo, akachoka, akashusha mkono.

Mama alikuwa amekaa miguuni pa kitanda. Akasema polepole, "Ongeza kidogo, mwanangu."

Akaongeza.

Jana kaburini tuliimba wimbo ambao siku zote solo yake ilikuwa ya Editha. Hatukupanga nani ataishika. Tulipofika pale, kinanda kikanyamaza, waimbaji wakanyamaza, nikabaki na besi yangu na ngoma. Sehemu nzima ikapita tupu, na umati wote ukasimama ukaisubiri iishe.

Dada Editha, asante kwa kila Jumamosi. Sitajifunza solo yako, nisamehe. Nafasi ile naiacha wazi.

Lala sasa, dada yangu. Lala kwa upande wowote uupendao.