Neno Moja kwa Shangazi na Mama Mdogo

Kwa miaka zaidi ya thelathini Kamalini Bagchi aliandika mashairi kwa Kiingereza, na mtaani kwao Krishnanagar hakuna aliyewahi kumpa hongera wala pole. Mchana alifundisha sarufi shule ya wasichana. Jioni alirudi miguu imevimba, akakaa kukata na kuunga mistari huku wali ukitokota. Majarida yalimlipa kwa nakala, na nakala hailiwi. Mwenye akili ya duka angeshafunga biashara hiyo zamani. Yeye aliendelea kwa sababu moja: nyumbani hakuna aliyeweza kuyasoma. Kwa Kibengali angeulizwa kila neno. Kwa Kiingereza alisema alilotaka, halafu akalala.

Aliyemlea ni shangazi yake, Hemnalini, aliyefiwa na mume angali msichana, akarudi kwa kaka yake amevaa sari nyeupe na kukuta mtoto asiye na mama. Mjane wa nyumba ya Kihindu kama ile hagusi samaki mpaka kufa, na Krishnanagar chakula bila samaki ni kushindia tu.

Balaa ilianza Jumapili moja, gazeti lilipochapa shairi la Kamalini: mwanamke anakula kichwa cha samaki kwa kujificha nyuma ya jiko, na mtoto wa ndugu yake anamchungulia. Jirani yao, Mama Lahiri, alikuwa na mkwe msomi, na mkwe akalitafsiri kwa sauti barazani, wanawake wa mtaa wakisikiliza. Kiingereza kina neno moja tu kwa shangazi na mama mdogo. Mkwe, kwa pupa ya kujionyesha, akasema shangazi.

Kamalini aliporudi kutoka sokoni alimkuta Hemnalini anafunga kifurushi.

"Shangazi, safari ya wapi?"

"Nabadwip, kwa wajane wenzangu. Huko wanaimba nyimbo za Mungu, hawaandiki za watu."

"Na nani atakupikia?"

"Nitakufa na njaa, na heshima yangu mkononi. Maisha yangu yote dengu na majani machungu, leo nimekuwa paka wa jikoni!"

Mlango ulikuwa wazi, na nje Mama Lahiri na wenzake walijifanya wanaanua nguo. Kamalini aliweka kikapu chini. Alikuwa amechoka hata asiweze kukasirika. Alijua bibi huyu akiondoka kwa aibu hatarudi, na yeye hana mtu mwingine. Akatoka barazani.

"Mama Lahiri, mkwe wako amekosea. Yule si shangazi. Ni mama mdogo, marehemu Niharbala."

"Haa! Lakini dada, Niharbala si alikuwa na mume mzima? Mwenye mume ajifiche ya nini, samaki si halali yake?"

Swali lilikuwa zuri kuliko shairi.

"Alikuwa mchoyo," Kamalini akasema. "Alijificha asitugawie."

Wanawake wakaangua kicheko. "Nilijua mimi! Uso ule mtamu, mkono umefumba!"

"Na wewe mkwe wangu," Mama Lahiri akamgeukia kijana, "Kiingereza chako kirudishe ulikokinunua!"

Niharbala hakuwahi kumnyima mtu kitu. Alikuwa akimchambulia Kamalini miba na kumwekea kipande kinono. Lakini maiti hana wa kumtetea, na kabla ya jioni mtaa mzima ulimjua kwa uchoyo. Shairi nalo lilikwisha. Mchoyo akila samaki, huo ni umbea tu.

Kamalini alipoingia ndani, shangazi alikuwa amekwisha kufungua kifurushi. Akafunga mlango.

"Uliniona lini?"

"Nikiwa mdogo. Mvua ilikuwa inanyesha."

Mzee akakaa kitandani.

"Hakikuwa kichwa. Kichwa kilikuwa cha baba yako, nani angethubutu? Yalikuwa mayai ya samaki, yaliyogandia ndani ya sufuria. Kidogo hivi."

"Mayai hayakukaa vizuri kwenye mstari, shangazi."

"Basi hao Waingereza hawajui kula." Akajifuta uso kwa ncha ya sari. "Niharbala wa watu. Umemchafua bure."

"Ningefanyaje?"

"Ungenyamaza tangu mwanzo. Weka chai. Na hili la leo usiliandike."

Kamalini akaenda kuwasha jiko. Hakuahidi chochote.