Maziwa Juu ya Vaiza

“Mikono ya huyu haiwezi kubandika hata stempu kwenye bahasha.” Hayo aliyasema mjomba wangu kando ya barabara ya Namanga, pale Kitengela, mbele ya wateja wawili na mama aliyekuwa akichoma mahindi, na mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Waliomsikia walicheka, kisha wakaongeza yao: kwamba sitakuwa fundi maishani, kwamba nitazeeka nikipalilia vitunguu vya watu, kwamba mdomo wangu umekua kuliko akili. Leo nina diploma ya ufundi wa magari. Nilifanya kazi miaka saba Doha, katika karakana ambamo hata sakafu ilipigwa deki mara mbili kwa siku, nikarudi na pesa zangu mwenyewe, na duka langu la vifaa vya magari liko umbali wa kutupa jiwe kutoka pale aliposimama. Wateja hutoka Kajiado, Isinya na hata Namanga kunitafuta kwa jina. Lakini kila asubuhi nikifungua chupa ya spiriti, ile harufu yake kali ikinipanda puani, narudi kwenye Desemba ile na nakasirika upya, kana kwamba mjomba amemaliza kusema sasa hivi.

Nilikuwa nimeletwa Kitengela kutoka Entarara, kule karibu na Loitokitok, ambako mama alikuwa kibarua kwenye mashamba ya vitunguu na nyanya. Mjomba alikuwa na kibanda cha mabati. Aliuza mikeka ya gari, vifuniko vya usukani, na vaiza, vile vipande virefu vya plastiki nyeusi vinavyobandikwa juu ya madirisha ili mtu aache kioo wazi kidogo hata mvua ikinyesha. Makubaliano yake na mama yalikuwa rahisi: nimsaidie kazi baada ya masomo na siku za likizo, naye anitunze hadi nimalize darasa la nane. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza la saba nikiwa wa tatu kati ya wanafunzi sitini na kitu. Mama alikuwa amenishonea kaptura mpya ya kuanzia Januari. Sikutaka kitu kingine duniani isipokuwa kufanya mtihani wa darasa la nane palepale Kitengela, na nilijua kwamba jambo hilo lilikuwa mikononi mwa mjomba.

Kitengela ya wakati huo ilikuwa na vumbi jeupe. Lilitoka kwenye machimbo ya mawe, likapanda malori, likashuka juu ya kila kitu: juu ya chapati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya kope za watu. Kuanzia asubuhi ulisikia nyundo za wachonga mawe zikigonga kwa mbali, na harufu ya mikeka mipya ya mpira ilichanganyika na ile ya mahindi choma na moshi wa dizeli. Mvua ikinyesha, vumbi liligeuka tope zito lililowavua watu viatu. Vumbi hilo ndilo lililonifundisha kazi. Mafundi wengi walipangusa mlango kwa kitambaa, wakabandika vaiza, na baada ya wiki gundi ikaachia kwa sababu ilishika vumbi, haikushika gari. Mimi nilikuwa nimeligundua hilo mwenyewe kwa kutazama tu. Hakuna aliyenifundisha, na mjomba hakutaka kulisikia.

Mzee Lemayian alifika kibandani wiki moja kabla ya Krismasi. Alikuwa mfugaji wa upande wa Kajiado, mrefu, mpole wa sauti, na alikuwa ameuza madume kadhaa akanunua gari lake la kwanza, jeupe, lililokuwa bado na stika ya maandishi ya Kijapani kwenye kioo cha mbele. Nilimwinamishia kichwa kama watoto wa kwao wanavyosalimia wazee, akanigusa utosini kwa kiganja. Alieleza kwamba mama yake alikuwa na kifua kibaya. Kila mwezi alimpeleka kliniki, na madirisha yakifungwa yote mama huyo alikosa pumzi na kutapika. Yakifunguliwa, mvua na vumbi vilimwingia. Mjomba alipiga makofi kwa furaha, akatoa vaiza zenye ukingo wa kung'aa kama fedha, za bei kubwa, ambazo zilikuwa zimekaa kibandani tangu nifike.

“Hii ndiyo inavaliwa na wakubwa, mzee. Ukipita Kajiado watu wanageuka.”

Nilizichukua nikazishikiza kwenye milango bila kuondoa karatasi ya gundi. Mlango wa mbele ulikubali. Mlango wa nyuma ulikataa: kona ya vaiza ilisimama mbali na fremu, kidole changu kidogo kikapita. Zilitengenezewa gari jingine. “Anko, hii si ya hii gari,” nilisema. “Iko na nafasi huku nyuma. Upepo utaingia uing'oe.”

Mzee Lemayian aliinama, akapitisha kidole chake pale nilipopitisha changu, akacheka. “Kumbe fundi ni huyu mdogo! Sasa wewe, fundi, yangu ni gani?” Nilimwonyesha zile nyeusi za kawaida, za bei ya chini, zilizofuata mstari wa mlango mwanzo hadi mwisho. Akazichukua. Mjomba alibaki akitabasamu kwa meno tu. Faida ile aliyoikosa hakunisamehe, na sasa nikiwa mtu mzima nadhani mengine yote yalianzia hapo.

Nilizibandika mimi mwenyewe. Naweza kuwaeleza kila hatua, kwa kuwa ndivyo ninavyofanya hadi leo na hakuna vaiza yangu iliyowahi kuanguka. Niliosha fremu kwa maji na sabuni, nikazikausha, nikazipangusa kwa spiriti mara mbili hadi kitambaa kikatoka safi. Nilichukua draya ya saluni ya jirani nikapasha chuma joto. Nilibandua ncha tu za karatasi, nikalinganisha, nikavuta karatasi iliyobaki polepole huku nikikandamiza kwa gumba, sehemu baada ya sehemu, hadi gumba likafa ganzi. Kisha nikamwambia mjomba jambo ambalo maandishi ya pakiti yalisema wazi: gari lisiguswe na maji, madirisha yasifunguliwe, hadi siku ya pili. Mzee Lemayian aliuliza kama anaweza kuondoka, maana jioni hiyo gari lilikuwa linabarikiwa nyumbani. Mjomba akajibu, “Mzee, hata sasa unaweza fika Namanga na kurudi.” Hapohapo tukaalikwa tukale nyama, na mjomba alikuwa ndani ya gari kabla sijafunga chupa ya spiriti.

Boma lao lilikuwa nje ya mji wa Kajiado, kwenye mteremko wa nyasi fupi. Mbuzi alikuwa tayari juu ya moto. Mama mzee, ambaye wote walimwita Koko, yaani nyanya, alitoka na kibuyu kilichonukia moshi na shada la nyasi mbichi. Alizunguka gari akilibariki, na kila alipotaja jina la Enkai, Mungu wao, waliokuwapo waliitikia, “Naai.” Sauti zile za pamoja zilinitia baridi mwilini, sijasikia kanisani kitu kilichonigusa vile. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye milango. Koko hakunyunyiza tu. Alimwaga maziwa yenye malai juu ya kila dirisha, yakatiririka nyuma ya vaiza, kisha akachomeka vijishada vya nyasi kati ya vaiza na fremu, vyote vinne, kwa upendo, akisukuma kwa kidole ili visianguke. Gundi ilikuwa na saa tatu tu tangu ibandikwe.

Nilimvuta mjomba shati. “Anko, waambie. Inaachia.”

“Nyamaza.” Alikuwa na ubavu wa mbuzi mkononi. “Unataka kukosea mama ya mtu heshima kwa boma yake? Hawa watu ukigusa baraka yao umekwisha. Kula.”

Siku ya tatu Mzee Lemayian alirudi akiwa na vipande viwili vya plastiki iliyopasuka. Lori la mawe lilimpita kwa kasi, upepo wake ukachukua vaiza ya mbele na ile ya nyuma kwa mpigo, na ya kwanza nusura impate mtu wa bodaboda. Hakupiga kelele. Aliviweka vile vipande juu ya meza na kuuliza ni nini kilichotokea. Kwenye gundi niliona bado kuna jani la nyasi, limekauka.

“Ni huyu kijana,” mjomba alisema. “Nilimwambia asafishe, hakusafisha.”

Mzee Lemayian alinigeukia. “Ni kweli?”

Nilifungua mdomo. Mjomba akasema haraka kwa Kikamba, akijifanya anakohoa, kwamba nikimtaja mama wa mtu nitalala Entarara. Nikafunga mdomo. Nilikubali kosa ambalo halikuwa langu ili nibaki na darasa la nane. Ndipo mjomba akasema yale ya stempu na bahasha, watu wakacheka, akampa Mzee Lemayian vaiza nyingine na kuzibandika mwenyewe baada ya kupangusa milango kwa kitambaa cha vumbi. Keshoye asubuhi, ili wateja waone kwamba amechukua hatua, alinipandisha gari la Loitokitok na mfuko wangu wa nguo. Alinunua kimya changu kwa darasa la nane, kisha hakulipa. Na si hilo tu. Shule ilihitaji yeye aliyeniandikisha aende kuchukua barua ya uhamisho, naye kila mama alipompigia alisema ana kazi. Usajili wa mtihani ukafungwa. Mwaka mzima nilipalilia vitunguu nikiwa nimevaa ile kaptura mpya, na harufu ya vitunguu haikunitoka vidoleni hata Jumapili.

Niliporudi kutoka Doha, kabla sijafungua duka, nilienda Kajiado kumtafuta Mzee Lemayian. Nilimkuta amezeeka, na Koko, kwa kweli sikutarajia, yuko hai, amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba mpya ya mawe, macho yamefifia. Niliinamisha kichwa, akanigusa. Kisha nikawaeleza yote, maziwa, nyasi, na kwa nini nilinyamaza. Mzee Lemayian alimtafsiria. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Koko alicheka hadi akakohoa, akapiga paja.

“Anasema kwa nini hukumwambia,” Mzee Lemayian alisema, naye akicheka. “Angemwaga kwa magurudumu. Enkai anaona gari yote.”

Nilikaa nikitazama ardhi. Kumbe lilikuwa neno la kusemwa katikati ya nyama, watu wacheke, nyasi zitolewe, na mimi Januari niwe darasani. Mzee Lemayian aliacha kucheka aliponiona. Aliomba namba ya mjomba, akapiga, akaiweka simu kwenye spika. Walisalimiana vizuri, wakaulizana mvua. Kisha akamwambia niko hapo na nimesema nini.

“Ai, hayo ni mambo ya kitambo, mzee,” sauti ya mjomba ilisema, kisha ikanigeukia mimi. “Mutuku, si umefaulu? Ungebaki kwangu ungekuwa nani? Mimi ndiye nilikufungua macho.”

Hasira yangu inakaa hapo hasa. Katika kurasa hizi nimejisifu, na sifuti hata neno moja: nilisoma diploma usiku nikifanya kazi mchana, nilijenga duka bila mbia wala mfadhili, na kijana yeyote wa Kitengela anayetaka kujua vaiza inabandikwaje aje anitazame. Lakini kila ninapojisifu, mjomba huchukua sifa zangu na kuzifanya zake, na ndugu zetu wote huitikia kwa kichwa. Hawajui palizi ya vitunguu ilinifundisha nini. Haikunifundisha chochote. Mvulana aliyekuwa wa tatu darasani alirudi shuleni akiwa mkubwa kuliko wenzake, akiona haya kunyoosha mkono, akawa wa ishirini na tatu, na mlango wa shule nzuri ya upili ukafungwa. Nilifika nilipofika kwa kuzunguka mbali, na miaka niliyopoteza njiani haipo kwenye cheti chochote nilichokitundika ukutani. Kitengela ya leo ina maghorofa, machimbo yamesogea mbali, vioo vya magari vinafunguka kwa kitufe. Mteja akiniambia gari linapelekwa kubarikiwa au kuombewa, namwambia abariki kwanza, vaiza zisubiri kesho, na hakuna aliyewahi kukasirika. Hata mmoja.

“Anko,” nilisema kwenye simu, “nimefaulu, asante. Sasa mwambie mwenye gari ni nani aliangusha vaiza zake.”

Kwa upande wake nilisikia televisheni na mtu akisogeza sufuria.

“Si ni hayo maziwa ya mamake,” alisema. “Mimi ningefanya nini?”

Mzee Lemayian alinitazama, nami nikamtazama. Koko aliuliza kitu kwa Kimaasai, mwanawe akamjibu kwa maneno machache, na yule mama mzee akanyoosha mkono aletewe simu. Kiswahili chake ni kidogo. Aliiweka karibu kabisa na mdomo, akasema polepole, neno baada ya neno:

“Maziwa yangu haikupeleka mtoto Entarara.”